Je, Sikio Husikia Tofauti? Vicheza Muziki vya Ubora wa Juu na Afya ya Usikivu

Utangulizi

Ichukuliwe mfano wa kijana wa miaka 26 anayefika kliniki ya masikio, pua na koo akilalamika kwamba sikio lake la kushoto huvuma kila usiku anapolala. Mkononi ana kicheza muziki kidogo alichokinunua kwa akiba ya miezi kadhaa, baada ya kuelezwa kwamba kinatoa muziki wa "ubora wa juu" unaomfikishia msikilizaji kila kilichorekodiwa studioni. Akiisha kueleza tatizo lake, anauliza swali moja: je, mvumo huu utamzuia kusikia ubora alioulipia?

Swali hilo limebeba maswali mawili. La kwanza ni kama ubora huo ungesikika hata kwa sikio lisilo na tatizo lolote. La pili ni kitu gani, katika usikilizaji wa muziki, huleta tofauti ya kweli kwa sikio la binadamu. Makala haya yanayajibu maswali hayo kwa mpangilio huo, kisha yanaeleza namna mtoa huduma anavyopaswa kumhudumia mgonjwa wa aina hii.

Sikio hupokea nini

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Idadi ya mitikisiko katika sekunde moja huitwa masafa na hupimwa kwa hezi. Masafa madogo ndiyo sauti nzito, kama ya ngoma kubwa. Masafa makubwa ndiyo sauti nyembamba, kama ya filimbi. Sikio la kijana mwenye afya njema husikia kuanzia takribani hezi 20 hadi hezi 20,000. Mtikisiko hupita katika tundu la sikio, hugonga kiwambo cha sikio, hupokezanwa na vifupa vitatu vidogo, kisha huingia katika koklea, yaani mfereji uliojaa majimaji na uliojikunja mfano wa nyumba ya konokono. Ndani ya koklea mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 katika kila sikio. Takribani 3,500 kati ya hizo ndizo zinazopeleka habari kwenye neva ya usikivu. Zilizobaki, takribani 12,000, kazi yake kubwa ni kukuza sauti dhaifu na kuzitenganisha sauti zilizokaribiana.

Mambo matatu kuhusu seli hizo yanafaa kukumbukwa. Kwanza, zimepangwa kwa masafa: zilizo mwanzoni mwa koklea hupokea sauti nyembamba, na zilizo kileleni hupokea sauti nzito. Pili, hazizaliwi upya. Ngozi ikichubuka huota nyingine, lakini seli ya sikio ikifa haipati mrithi. Tatu, zile za mwanzoni, yaani za sauti nyembamba, ndizo zinazotangulia kudhoofika kadiri umri unavyosogea. Watu wengi waliokwisha kuvuka miaka 40 hawasikii tena masafa yanayozidi hezi 15,000 au karibu na hapo, wala hawajui kuwa wamepoteza kitu. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya usemi wa binadamu iko chini ya hezi 8,000, na hata noti ya juu kabisa ya piano haifiki hezi 4,200. Yaliyo juu zaidi ni vionjo vinavyoipa sauti mng'ao wake.

Maana ya "ubora wa juu"

Kurekodi muziki kidijitali ni kulipima wimbi la sauti mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Sidii ilipoingia sokoni mwaka 1982, kiwango chake kilikuwa vipimo 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16. Namba hizo hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Kanuni iliyowekewa msingi na Harry Nyquist mwaka 1928 na kuelezwa kikamilifu na Claude Shannon mwaka 1949 inasema kwamba, ikiwa wimbi halina masafa yanayofikia nusu ya idadi ya vipimo, basi vipimo hivyo vinatosha kulirejesha wimbi lote kama lilivyokuwa. Nusu ya 44,100 ni 22,050. Kwa hiyo sidii ilikwisha kuuvuka ukomo wa sikio la binadamu tangu siku yake ya kwanza. Dhana kwamba sauti ya kidijitali hutoka ikiwa na vingazi vingazi, na kwamba vipimo vingi zaidi huvilainisha, si sahihi. Sauti inayofika kwenye spika huwa imekwisha kurejeshwa kuwa wimbi laini.

Idadi ya biti nayo huamua umbali uliopo kati ya sauti dhaifu kabisa na sauti kubwa kabisa inayoweza kuhifadhiwa. Biti 16 hutoa umbali wa takribani desibeli 96. Biti 24, kwa nadharia, hutoa desibeli 144. Lakini chumba tulivu cha nyumbani huwa na kelele ya desibeli 30 hivi. Mtu anayetaka kuusikia umbali wote wa desibeli 96 juu ya kelele hiyo angelazimika kufungulia muziki hadi desibeli 126, kiwango ambacho sikio huanza kuuma. Biti 24 zina manufaa makubwa kwa fundi wa studio, kwa kuwa humpa nafasi ya kuchanganya na kurekebisha sauti bila kuiharibu. Kwa msikilizaji anayepokea kazi iliyokwisha kukamilika, nafasi hiyo ya ziada haina kazi.

Vicheza muziki vinavyotangazwa kuwa vya ubora wa juu hucheza mafaili yenye vipimo 96,000 au 192,000 kwa sekunde, kwa biti 24. Kinachoongezwa hapo ni masafa yaliyo juu ya hezi 22,000. Popo na pomboo huyasikia, binadamu hayasikii. Zaidi ya hayo, faili haliwezi kuzidi kile kilichonaswa siku ya kurekodi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwa santuri na mitambo ya zama zile. Rekodi zake zikihamishiwa katika faili la vipimo 192,000, litakuwa faili kubwa sana lenye sauti ileile ambayo mitambo ya mwaka 1928 iliweza kuinasa.

Majaribio yanasema nini

Watoa huduma za afya wanajua kwamba dawa haipimwi kwa kumwuliza mgonjwa anayejua kuwa amepewa dawa mpya ya bei ghali. Mgonjwa asijue, na anayempima naye asijue, ni nani aliyepewa dawa na nani aliyepewa kidonge kisicho na dawa. Kanuni hiyo hiyo hutumika katika kupima sauti, pamoja na masharti mengine mawili. La kwanza ni kwamba ukubwa wa sauti mbili zinazolinganishwa uwe sawa kabisa, kwa kuwa inayozidi nyingine hata kwa sehemu ya desibeli moja huonekana kuwa bora, ingawa msikilizaji hatambui kuwa ni kubwa zaidi. La pili ni kwamba jaribio lirudiwe mara za kutosha. Anayepatia mara 6 kati ya 10 hajathibitisha lolote. Mtu anayebahatisha tu hufikia au kuvuka matokeo hayo karibu mara 38 katika kila 100. Anayepatia mara 12 kati ya 16 anastahili kusikilizwa, kwani bahati peke yake hufika hapo chini ya mara 4 katika 100.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Meyer na Moran, walichapisha jaribio lililofanyika kwa utaratibu huo. Muziki wa ubora wa juu ulichezwa ama moja kwa moja, ama baada ya kupitishwa katika kifaa kilichoushusha hadi kiwango cha sidii. Katika majaribio 554, wasikilizaji walipatia mara 276, yaani asilimia 49.8. Hayo ndiyo matokeo ambayo mtu angeyapata kwa kurusha sarafu. Tofauti ilisikika pale tu sauti ilipofunguliwa kupita kiasi katika vipande vya ukimya, na kilichosikika ni mvumo hafifu wa chini.

Mwaka 2016 Joshua Reiss, wa chuo kikuu cha Queen Mary jijini London, aliunganisha matokeo ya majaribio 18 yaliyohusisha watu zaidi ya 400 na kusikiliza zaidi ya mara 12,500. Aligundua uwezo mdogo wa kutofautisha, ambao hata hivyo ulizidi ule wa kubahatisha. Kwa waliofundishwa kwanza nini cha kusikiliza, kiwango cha kupatia kilifika takribani asilimia 60. Haki inataka matokeo haya yaelezwe pamoja na yale ya awali. Yanaonyesha kwamba, katika mazingira ya maabara, wasikilizaji waliozoezwa huweza wakati mwingine kuhisi kitu. Hayaonyeshi kwamba kitu hicho ni uzuri wa muziki. Inajulikana kwamba masafa yasiyosikika, yakipita katika spika au vikuza sauti visivyoweza kuyamudu, huweza kuzalisha mikwaruzo katika masafa yanayosikika. Tofauti ya namna hiyo ni kasoro. Wala matokeo hayo hayamhusu sana mtu anayesikiliza akiwa barabarani.

Kwa nini watu husikia tofauti

Anayesema kwamba amesikia tofauti hasemi uongo. Usikivu hukamilikia katika ubongo, na ubongo husikiliza pamoja na matarajio, kumbukumbu na bei iliyolipwa. Mgonjwa aliyepewa kidonge kisicho na dawa huweza kupungukiwa na maumivu kwelikweli; vivyo hivyo, anayeamini kwamba kifaa chake ni bora huufurahia muziki zaidi.

Zipo pia tofauti za kweli ambazo chanzo chake si wingi wa vipimo. Toleo la ubora wa juu la albamu ya zamani mara nyingi huwa limeandaliwa upya studioni, kwa uangalifu zaidi. Anayelilinganisha na toleo la awali husikia kazi mpya ya fundi, na toleo hilo likishushwa hadi kiwango cha sidii uzuri wake hubaki palepale. Faili la MP3 lililobanwa sana, kama zilivyo nyimbo nyingi zinazorushwa kutoka simu moja hadi nyingine, husikika vibaya bila shaka. Lililobanwa kwa kiasi, la kilobiti 256 hadi 320 kwa sekunde, ni vigumu kulitofautisha na sidii. Na juu ya yote kuna vipokea sauti vya masikioni, ambavyo wengi huviita hedifoni. Hedifoni mbili tofauti hupishana kwa desibeli nyingi katika masafa ambayo kila mtu huyasikia. Mwenye fedha kidogo ya kutumia angepata faida zaidi akiitumia hapo.

Historia ya kifaa kimoja yafaa kutajwa. Mwaka 2014 mwanamuziki Neil Young aliomba michango ya umma ili kuzindua kicheza muziki cha ubora wa juu kiitwacho Pono, na zikapatikana zaidi ya dola milioni 6. Kifaa kiliuzwa kwa takribani dola 400, na kufikia mwaka 2017 mradi ulikuwa umekoma. Mwanamuziki huyo huyo amewahi kueleza hadharani kwamba masikio yake yaliathiriwa na sauti kubwa ya muziki na kwamba yalibaki na mvumo. Maisha ya mtu mmoja yamebeba mambo yote mawili yanayozungumziwa hapa: hamu ya kuusikia muziki kwa ukamilifu wake, na kitu kinachoiondoa nafasi hiyo.

Tofauti iliyo ya kweli: ukubwa na muda

Kitu hicho ni ukubwa wa sauti ukizidishwa kwa muda. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia mawasiliano, lilitangaza kiwango cha usalama kwa vifaa vya kusikilizia muziki: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa watu wazima, na desibeli 75 kwa saa hizo hizo kwa watoto. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu inayoingia sikioni huwa maradufu, hivyo muda salama hupungua kwa nusu. Kwa mtu mzima, hesabu ya wiki nzima ni hii:

Desibeli 80: saa 40
Desibeli 83: saa 20
Desibeli 86: saa 10
Desibeli 89: saa 5
Desibeli 92: saa 2 na nusu
Desibeli 95: saa 1 na dakika 15
Desibeli 98: takribani dakika 38
Desibeli 101: takribani dakika 19

Anayesafiri kwa daladala saa moja asubuhi na saa moja jioni, siku sita za wiki, hukamilisha saa 12. Akiongeza sauti hadi desibeli 95 ili kuishinda injini, honi na redio ya gari, atakuwa amemaliza posho yake ya wiki kabla ya jioni ya siku ya kwanza kwisha. Vicheza muziki vya ubora wa juu havipunguzi hatari hiyo, vingine huiongeza. Vingi vimeundwa vikiwa na vikuza sauti vyenye nguvu ya kuendesha hedifoni kubwa za studioni. Vikiunganishwa na vipokea sauti vidogo vya kuchomeka masikioni, huweza kufika viwango vya hatari kabla alama ya sauti haijafika katikati. Tena sauti safi isiyo na mikwaruzo haimpi msikilizaji ishara kwamba imezidi.

Madhara ya kelele huanzia katika masafa ya hezi 3,000 hadi 6,000, na kwenye kipimo cha usikivu huonekana mara nyingi kama shimo kwenye hezi 4,000. Hapo ndipo, pamoja na masafa yaliyo jirani, zinapokaa konsonanti nyembamba za usemi: s, f, sh, ch. Aliyeathirika husikia kwamba mtu anasema, lakini hachambui anachosema. "Fika" humjia kama "shika", na "soma" kama "choma". Aliyenunua masafa ya hezi 40,000 huanza kupoteza yale ya hezi 4,000, ambayo ndiyo anayoyahitaji ili kumwelewa mwenzake.

Wala isidhaniwe kwamba masikio yaliyoziba baada ya dansi na kufunguka kesho yake yamepona kabisa. Mwaka 2009 Kujawa na Liberman, watafiti wa Marekani, walionyesha katika panya kwamba kelele iliyopunguza usikivu kwa muda tu iliacha maungio mengi kati ya seli za sikio na neva yakiwa yamepotea moja kwa moja, ingawa kipimo cha kawaida kilirudi kuwa kizuri.

Kumhudumia mgonjwa

Mtoa huduma asianze kwa kulaumu muziki. Aulize saa za kusikiliza kwa siku, mahali pa kusikilizia, na amwombe mgonjwa aonyeshe kiwango anachokitumia kwenye kifaa chenyewe. Aulize kuhusu kazi zenye kelele, usaha wa sikio, historia ya familia na dawa zinazoweza kudhuru sikio, zikiwamo gentamaisini, kwinini, na sindano za streptomaisini, kanamaisini au amikasini ambazo wagonjwa wa kifua kikuu waliwahi kupewa. Atazame ndani ya sikio. Nta iliyoziba huleta mvumo, na tiba yake ni nyepesi. Kisha mgonjwa apimwe usikivu wa masikio yote mawili, kila moja peke yake.

Kwa kijana aliyetajwa mwanzoni, jambo moja halipaswi kupitwa: sikio linalovuma ni moja tu. Hedifoni hupeleka sauti pande zote mbili, na madhara yake kwa kawaida huwa ya pande zote mbili. Mvumo wa upande mmoja, hasa ukiambatana na usikivu uliopungua upande huo, unahitaji uchunguzi wa bingwa ili kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye neva ya usikivu. Uvimbe huo ni nadra na kwa kawaida si saratani, lakini hautagunduliwa ikiwa kila mvumo utasingiziwa muziki. Na mtu yeyote aliyepoteza usikivu ghafla, ndani ya siku tatu au chini ya hapo, ni mgonjwa wa dharura. Aelekezwe kwa bingwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa tiba hufaa zaidi ikiwahi.

Kwa msikilizaji, ushauri ni mfupi. Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa, na kwa kifaa chenye kikuza sauti kikubwa iwe chini zaidi. Mtu aliye umbali wa mkono mmoja akisema kwa sauti ya kawaida, asikike. Palipo na kelele, zitumike hedifoni zinazozuia sauti ya nje, isipokuwa barabarani ambako kusikia gari ni suala la uhai. Masikio yapumzishwe kila saa, na mtu asilale akiwa amezivaa. Masikio yakivuma au yakiziba baada ya kusikiliza, hiyo ni ishara kwamba kiwango salama kilikwisha kuvukwa.

Hitimisho

Kwa ushahidi uliopo, mtu anayesikiliza muziki katika maisha yake ya kawaida hapotezi kitu kwa kubaki na kiwango cha sidii, hata faili la MP3 lisilobanwa sana. Kijana wa miaka 26 anaweza kujibiwa kwa ukweli: ubora alioulipia sikio halikuwa na njia ya kuupokea tangu mwanzo, kwa hiyo mvumo haujamnyang'anya huo. Kinachoweza kunyang'anywa ni kile alichozaliwa nacho, seli 15,000 kila upande, zisizouzwa dukani wala kupandikizwa hospitalini. Apimwe masikio yote mawili, apewe rufaa kwa ajili ya sikio la kushoto, na aondoke akijua kwamba kitufe cha kuzingatiwa kuliko vyote kwenye kifaa chake ni kile cha kupunguza sauti.